Ugomvi wa taulo: kwa nini wapenzi wanachoshana kwa mambo madogo, na nini hasa kinapunguza

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Leo siongelei usaliti, kipigo wala madeni. Naongelea ule ugomvi ambao rafiki yako akikuuliza kesho yake "kwani mligombana nini?", unaona hata aibu kumjibu. Taulo bichi juu ya kitanda. Chaja iliyochomolewa wakati simu inakaribia kuzima. "Nimekuita hukuitika." Nani alitakiwa kumpigia fundi. Mnaanza saa mbili usiku na taulo, saa tatu mmeshafukua makaburi ya mwaka juzi, saa nne kila mtu kageukia ukuta wake.

Nimeshuhudia watu wanaopendana kabisa wakichoshana kwa mtindo huu mpaka wakaachana, na ukiwauliza kosa kubwa lilikuwa lipi, hakuna. Halafu ushauri wanaopewa ni ule ule wa siku zote: vumilianeni, wasilianeni, mmoja akubali kuwa mjinga. Sasa wawasiliane vipi, wakati huko kuwasiliana ndiko kulikozaa ugomvi wenyewe?

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga: tukio lenyewe huwa halina uzito wa kugombanisha watu wazima wawili. Kinachowasha moto ni nia ambayo kila mmoja ameshampachika mwenzake kabla ya kufungua mdomo. Anayetaka kupunguza ugomvi ahangaike na hapo. Taulo aliache kwanza.

Tuangalie mfano mmoja taratibu:

– Umeacha tena taulo kitandani.
– Nilikuwa nawahi simu.
– Wewe hukosi sababu.
– Na wewe hukosi la kulalamika.

Sentensi nne, hazimalizi hata nusu dakika. Ya kwanza inahusu taulo. Ya pili ni utetezi. Ikifika ya tatu taulo limeshasahaulika, sasa anayeshtakiwa ni mtu, kwamba ni wa visingizio. Ya nne ni kisasi. Lakini sikiliza yasiyosemwa. Kichwani mwa wa kwanza kuna "ananichukulia poa, anajua mwishoni nitaliondoa mimi". Kichwani mwa wa pili kuna "hata nifanye nini, huyu lazima ataona kosa". Hakuna aliyeyatamka hayo, na ndiyo wanayojibizana.

Jambo hili wanasaikolojia wamelichimba miaka mingi. Mwaka 1971 Edward Jones na Richard Nisbett waliandika kwamba mtu akieleza kitendo chake mwenyewe hutaja mazingira, na akieleza cha mwenzake hutaja tabia. Mimi nimechelewa kwa sababu ya foleni. Wewe umechelewa kwa sababu hujali muda. Mwaka 1990 Thomas Bradbury na Frank Fincham walipitia tafiti za ndoa na kuona kwamba wenza walio kwenye misukosuko hulifanya hili kwa pande mbili: baya la mwenza huhesabiwa kuwa ndiyo tabia yake na halitabadilika, zuri lake huhesabiwa kuwa bahati tu au lina ajenda nyuma. Ukifika hatua hiyo, hata mtu akikuletea zawadi unajiuliza anaficha nini.

Na kuna mtego mwingine ambao wapenzi wa muda mrefu ndio wanaonasa zaidi. Mwaka 2011 Kenneth Savitsky, Boaz Keysar, Nicholas Epley na wenzao waliwapima wanandoa: mmoja anatamka sentensi yenye maana zaidi ya moja, mwingine anakisia alimaanisha nini. Wakafanya hivyo hivyo na watu wasiofahamiana. Wanandoa hawakuwashinda wageni kwa kuelewana. Walichowazidi ni kujiamini kwamba wameelewana. Yaani kadiri unavyomzoea mtu, ndivyo unavyoacha kumuuliza. "Namjua huyu" ndiyo kauli ya hatari kuliko zote kwenye mahusiano, na watu huitamka kwa fahari.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kufanya, naanza na kitu kimoja kinachoonekana kidogo mno: sentensi ya kwanza. John Gottman, ambaye amewachunguza wenza kwa miongo kadhaa katika maabara yake ya Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle, alichapisha pamoja na Sybil Carrère mwaka 1999 utafiti wa watu waliokuwa wameoana karibuni. Walitazama dakika 3 za mwanzo za mazungumzo ya jambo wanalogombania, na jinsi mazungumzo yalivyoanza ilihusiana na nani wangekuja kuachana baadaye. Yakianza kwa shambulio, ni nadra yakaishia kwa upole.

Mwanzo mbaya unamtaja mtu: "wewe ni mchafu", "wewe hujali", "hata siku moja hujawahi". Mwanzo mzuri unataja kitu, unataja kinavyokugusa, kisha unaomba: "Taulo limelowesha upande wangu, nashindwa kulala. Tafadhali lianike." Unaweza kusema una hasira, hakuna anayekukataza. Ila hasira yako iwe juu ya godoro lililolowa, usimpachike mwenzio nia ambayo hujamuuliza kama anayo.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, nyumbani kwetu taulo lina kesi nyingi kuliko mahakama. Nafuatilia uzi nikiwa nimekaa mbali na mhusika.

#3

Mleta uzi umeandika vizuri, ila mimi ni wa upande wa pili. Unataka nimuulize mtu nia yake kila mara anapofanya kosa lile lile? Kuna mtu ukimwambia mara moja anasikia. Ukimwambia mara ya kumi na bado anafanya, nia yake si imeshajieleza yenyewe? Tusiwe tunawafundisha watu kujidanganya.

#4 – Mleta uzi

#3 swali zuri, na sikwepi. Kurudia kosa kunaonyesha kitu, lakini mara nyingi kinachoonyeshwa ni kwamba jambo hilo si muhimu *kwake*. Wewe umelisoma kama "*mimi* si muhimu kwake". Hapo kuna ngazi umeiruka. Mtu anaweza kukupenda sana na asione kabisa taulo kama wewe unavyoliona, kwa sababu yeye halijawahi kumkera maishani mwake.

Gottman anasema kwenye maandiko yake kwamba takribani asilimia 69 ya mambo yanayogombaniwa na wenza hayaishi. Ukirudi miaka minne baadaye unawakuta kwenye mada ile ile. Mmoja anapenda mpangilio, mwingine anaishi na fujo na hana habari. Mmoja anawahi nusu saa kabla, mwingine anafika dakika ya mwisho. Mmoja anataka wageni, mwingine anataka utulivu. Hizo ni tofauti za watu, huwezi kuzitatua kama hesabu. Na hilo liko hata kwa wanaoishi kwa raha. Wenye raha hawajamaliza mada zao. Wanachoweza ni kuzigusa bila kuumizana, wengine mpaka wamezigeuza utani.

Kwa hiyo ukimwambia mara kumi na hajabadilika, jiulize kama jambo hili ni la kubadilishwa au la kupangiwa utaratibu. Pigilia msumari ukutani mahali anapovulia, taulo liangukie hapo. Watu wanadharau suluhisho za namna hii kwa sababu hazina kisa wala machozi, lakini msumari umeokoa amani za watu kuliko vikao vingi vya usiku.

#5

Nichangie kama mwanamke, maana naona wanaume mmejaa humu mnaongelea taulo kana kwamba ni taulo tu. Kinachonichosha mimi si kuliondoa. Kuliondoa ni sekunde. Kinachonichosha ni kwamba mimi ndiye ninayekumbuka. Nakumbuka bili, nakumbuka siku ya kuzaliwa ya mama yake, nakumbuka dawa za mtoto zinakaribia kuisha. Nikisema ananijibu "ungeniambia tu ningefanya". Sasa huko kumwambia si ndiyo kazi yenyewe? Halafu nikipandisha sauti naambiwa nina gubu.

#6

#5 nakuelewa dada, ila na sisi tuna yetu ambayo hamyaoni. Nani anaamka usiku kuangalia kelele nje? Nani anashinda na fundi? Nani anafuatilia gari? Nikianza kuhesabu hapa, uzi utajaa.

#7 – Mleta uzi

#5 na #6, asanteni, maana mmefanya wenyewe jaribio ambalo nilitaka kulisimulia.

Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anachangia kiasi gani kwenye shughuli mbalimbali za nyumbani. Wakajumlisha majibu ya mume na mke. Kwa hesabu ya kawaida isizidi 100, lakini kwenye mambo mengi ilizidi. Kila mmoja alijiona anabeba zaidi ya sehemu yake. Na kabla hujasema watu wanajisifu, sikia hili: ilitokea hata kwenye mambo yasiyo ya sifa, kama kusababisha mabishano. Watu walijihesabia hata hayo. Maana yake siyo tu ubinafsi. Kazi yako unaikumbuka kwa sababu ulikuwepo ukiifanya, jasho lilikuwa lako. Ya mwenzako ilifanyika wewe ukiwa pengine, ukakuta imeshakamilika.

Kwa hiyo dada hapo juu hasemi uongo, na kaka naye hasemi uongo. Wote wanasoma daftari la upande mmoja.

Lakini #5 una hoja moja ambayo #6 hujaijibu, nami niko upande wake. Kazi ya kukumbuka haionekani hata ikishakamilika. Gari likitengenezwa linaonekana limetengenezwa. Kumbukumbu ya dawa ikifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea, dawa zipo tu. Na "ungeniambia" inamfanya mwenzio kuwa msimamizi wako kazini. Kinachosaidia hapo ni kugawana mambo mazima mazima badala ya kugawana vipande. Ukichukua dawa za mtoto, umechukua kukumbuka, kununua, kuhakiki tarehe, kila kitu, na mwenzako anaruhusiwa kusahau kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa dawa. Na yeye naye akishakukabidhi, asikusimamie mgongoni kuangalia unafanyaje. Hili la mwisho linawashinda wengi, hata wale waliokuwa wanalilia msaada.

Na wote wawili: usianze kuhesabu *wakati* wa ugomvi. Hesabu inayofanywa katikati ya hasira haijawahi kutoka sawa. Kaeni siku ambayo hakuna kesi, muandike nani anabeba nini. Mtashangazana.

#8

Mimi tatizo langu ni jingine. Tukianza kubishana mimi nanyamaza. Sina ubaya, najua nikifungua mdomo nitasema kitu cha kuumiza. Yeye anasema namkaushia, anazidi kunifuata chumba hadi chumba "ongea, ongea". Nikitoka nje ndiyo nimeua kabisa. Nifanyeje?

#9

#8 huyo ni mimi kwa upande wa pili 😂. Sisi tunaofuata chumba hadi chumba tunafuata kwa sababu mnatuacha tunaning'inia. Nikikuona umenyamaza najua ndiyo umeshakata tamaa na mimi. Bora unijibu vibaya kuliko kuangalia simu.

#10 – Mleta uzi

Hapa tulie kidogo, maana kwa maoni yangu ndipo taulo linapogeuka kuwa vita ya siku tatu.

Mchezo huu wa mmoja kudai na mwingine kujitoa ni wa zamani, Andrew Christensen na Christopher Heavey waliuandikia mwaka 1990. Ubaya wake unajilisha wenyewe. Kadiri #9 anavyofuata, #8 anazidi kujifungia. Kadiri #8 anavyojifungia, #9 anazidi kufuata. Na kila mmoja anaapa kwamba yeye anajibu tu, mwenzake ndiye aliyeanza. Christensen na Heavey waliona jambo lingine muhimu: nafasi hizo hazifuati tu jinsia. Inategemea pia ni nani anayetaka mabadiliko. Mada ikiwa ni ya kwako, unadai. Ikiwa ni ya mwenzio, unajikunyata. Kwa hiyo acheni "wanawake wana kelele" na "wanaume ni mawe".

Sasa mwili. Kwenye maabara ya Gottman walikuwa wanawafunga watu vifaa vya kupima mapigo ya moyo huku wakigombana. Waliona kwamba mapigo yakipita takribani 100 kwa dakika hali ya kuwa mtu amekaa kitini, mazungumzo yanakuwa yameshakufa. Mwili uko tayari kupigana au kukimbia. Masikio yanasikia shambulio hata pasipo shambulio, na utani hauingii. Unamwona mtu amenyamaza kama jiwe, ndani moyo unamwenda mbio. #9, huyo ndiye unayemfuata chumba hadi chumba.

Wakafanya jambo la ujanja. Watu wakiwa katikati ya mabishano, waliwasimamisha wakawaambia mitambo inahitaji kurekebishwa, wasome magazeti kwanza wasiongelee ile mada. Baada ya kama nusu saa wakawaruhusu kuendelea. Mapigo yalikuwa yameshuka, na mazungumzo yakaenda vizuri zaidi. Watu ni wale wale, mada ni ile ile. Kilichobadilika ni damu kutulia. Ndiyo maana Gottman anashauri mapumziko yasipungue dakika 20.

Kwa hiyo #8, kuondoka ni sawa. Kuondoka *kimya* ndiko kunakoua. Sema: "Nimepandwa, nikiendelea nitakosea. Nipe nusu saa, narudi tuongee hapa hapa." Halafu urudi. Ukishindwa kurudi hata mara moja, ahadi hiyo haitakuwa na thamani tena, na ana haki ya kukufuata. Na huko ulikoenda usikae unatunga hotuba ya majibu, maana hapo moyo haushuki. Tembea, oga, sikiliza chochote kisichohusu kesi.

#9, kazi yako ni ngumu zaidi na nakubali: kumwacha aende. Msaidiane kwa kukubaliana mapema, siku ya amani, kwamba neno au ishara fulani maana yake ni mapumziko na siyo kukimbia. Ikishakuwa ya wote wawili, haitaonekana silaha ya mmoja.

#11

Tulifundishwa msilale na hasira, yaishe kabla ya kulala. Wewe unasema watu waachane na kesi. Siku ya kwanza tumeoana tulikubaliana hivyo na hatuvunji. Ila kusema ukweli kuna siku tumefika alfajiri.

#12 – Mleta uzi

#11 hapo nitatofautiana na wazee wangu kwa heshima zote. Kumaliza kabla ya kulala ni jambo zuri likiwezekana saa tatu. Saa saba usiku hakuna kinachomalizwa, kuna mmoja tu anayesalimu amri ili alale, na kesho kesi inaanza upya na kinyongo juu yake.

Amie Gordon na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifuatilia usingizi wa wapenzi na ugomvi wao. Baada ya usiku wa usingizi mbovu, watu waliripoti ugomvi zaidi, na maabara ilionyesha kwamba wasiolala vizuri walikosea zaidi kukisia hisia za wenzao. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2014. Unaona unavyorudi pale pale kwenye nia? Mtu mwenye usingizi anasoma uso wa mwenzake vibaya, anaona dharau palipo na uchovu.

Naona afadhali mfungue tu kifundo kidogo kabla ya kulala: "Bado nimekasirika, ila tuko pamoja, tutaongea kesho." Halafu mlale. Watu wengi wakiamka hawaikumbuki hata hoja yao ilikuwa nini. Na hao wanaoikumbuka, basi ilikuwa hoja kweli, mwongee.

Nyongeza ndogo: angalia saa za ugomvi wenu. Wengi wanagombana kwenye nusu saa ile ile, mtu akiwa ndiyo kwanza ameingia mlangoni au mkiwa mnajiandaa kutoka. Kama ni hivyo, hamna tatizo la mapenzi, mna tatizo la ratiba. Mwacheni aliyeingia avue viatu kwanza.

#13

Na sisi wa mbali? Mimi na mwenzangu tunaonana mara chache, maisha yetu ni meseji. Juzi nimejibu "sawa" tumenuniana siku nzima. Sawa tu! Kosa liko wapi?

#14

#13 wewe "sawa" yenye nukta ni tangazo la vita, hujui? 😅

#15 – Mleta uzi

#14 umenichekesha, lakini umetaja kitu. Kwenye meseji sauti haipo, kwa hiyo msomaji anajazia sauti yake. Akiwa na wasiwasi atasoma kwa sauti ya wasiwasi.

Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walilipima mwaka 2005 kwa barua pepe. Watu waliandika sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za kawaida, wakatabiri kwamba wasomaji wangetambua asilimia 78. Wasomaji walitambua asilimia 56, yaani wamezidi kidogo tu kurusha shilingi. Kwa sauti ilifika 73. Mwandishi anaisikia sauti yake kichwani akiandika, anadhani imesafiri na maneno. Haijasafiri.

Kwa hiyo meseji tumia kwa taarifa na mapenzi. Malalamiko yapigie simu. Na mkishaona mmejibizana meseji tatu ndefu mfululizo, mmoja aandike "nakupigia". Vijembe vya maandishi vina ubaya mwingine: vinabaki. Mwezi ujao mtu anapandisha juu anakuonyesha ulichoandika usiku ule.

#16

Samahani kidogo kwa mleta uzi. Mimi nimeishi na mtu ambaye "mambo madogo" yake yalikuwa hivi: nikichelewa kidogo nieleze nilikuwa na nani, nikicheka na simu nionyeshe, nikivaa nguo fulani siku nzima ananuna. Kila kimoja ukikitazama ni kidogo. Nilijaribu sana kumuelewa nia yake, kuanza kwa upole, kumpa muda. Nilipunguza ugomvi mpaka nikabaki sina rafiki hata mmoja. Msije mkawashauri watu kama mimi wazidi kuwa wapole.

#17 – Mleta uzi

#16 pole, na asante kwa kuandika. Hili linatakiwa lisomwe pamoja na #1.

Niliyoyaandika yote yanahusu watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema "hapana" bila kuogopa. Pasipo hilo, hatuongelei tena ugomvi mdogo. Alama yake mimi naiangalia hivi: je, unapanga maneno ili mwenzio akuelewe, au unapanga ili asilipuke? Je, amani inapatikana kwa nyote kusogea, au kwa wewe peke yako kupungua? Ukaguzi wa simu, kutengwa na ndugu na marafiki, kutishiwa, kufuatiliwa, hivyo havina dawa kwenye sentensi ya kwanza. Mtu wa hali hiyo anahitaji watu anaowaamini nje ya nyumba na msaada wa wataalamu, asihangaike kujifunza kuongea vizuri zaidi.

Na hata pasipo hofu, kuna kitu kimoja usikiite kidogo: dharau. Kubinua midomo, kumwigiza anavyoongea, kumcheka mbele za watu, kumwita majina. Katika tabia nne ambazo Gottman anazitaja kuwa mbaya kwa ndoa (kushambulia utu wa mtu, dharau, kujitetea kila mara na kujifungia), dharau ndiyo aliyoiweka juu kabisa. Taulo linaweza kuwa dogo na dharau iliyotumika kulisemea ikawa kubwa.

#18

Niwe mchokozi kidogo. Huyu Gottman mnayemnukuu amekosolewa kwamba utabiri wake wa talaka ulitengenezwa kwa watu ambao matokeo yao yalikuwa tayari yanajulikana. Kubashiri mechi iliyokwisha hata mimi naweza. Na wengi waliopimwa walikuwa Wamarekani. Tusichukue namba kama msahafu.

#19 – Mleta uzi

#18 ukosoaji huo upo na ni wa haki. Ndiyo maana sikutaja zile asilimia zake za kubashiri talaka. Sizihitaji. Kwamba mazungumzo yanayoanza kwa tusi yanaishia vibaya, na kwamba mtu aliyepandwa na hasira hasikii, kila aliyewahi kuishi na mtu anaweza kuyapima nyumbani kwake wiki hii.

Ila nikupe utafiti mmoja uliofanywa kwa jaribio kamili, wa Eli Finkel na wenzake, mwaka 2013. Walichukua wanandoa 120, wakawafuatilia miaka miwili. Mwaka wa kwanza hakuna aliyefanya chochote cha ziada, na ubora wa ndoa ulishuka kwa wote. Mwaka wa pili nusu yao walipewa zoezi la kuandika: fikiria ugomvi wenu wa karibuni, uandike kama mtu wa tatu anayewatakia mema nyote wawili angeuona vipi. Dakika 7, mara tatu kwa mwaka. Jumla dakika 21. Waliofanya zoezi hawakuacha kugombana, lakini ugomvi haukuwachoma kama mwanzo, na ule mteremko wa ubora wa ndoa ukasimama. Wasiofanya waliendelea kushuka.

Mimi hili ndilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji mwenzako akubali chochote. Unakaa, unaandika. Mtu wa tatu akiwaangalia pale chumbani angeona nini? Angemuona mmoja amechoka, amekuta kitanda kimelowa. Angemuona mwingine ametoka kuoga mbio akisubiri simu ya kazi. Huyo mtu wa tatu haoni mwenye dharau wala mwenye gubu, kwa sababu hana daftari la zamani.

#20

Mleta uzi, swali la mwisho. Wangu hasomi mambo haya, ukimtumia uzi anasema "umeanza". Nikijirekebisha peke yangu si nitakuwa ninabebeshwa mimi tu?

#21 – Mleta uzi

#20 usimtumie uzi. Mtu akitumiwa makala katikati ya ugomvi anasoma kichwa cha habari tu: "wewe ndiye tatizo."

Anza na unachokimiliki, sentensi yako ya kwanza na swali moja la kabla ya hukumu: "Ulikuwa na maana gani uliposema vile?" Liulize kwa sauti ya mtu anayetaka jibu, maana kwa sauti ya hakimu swali lile lile ni shtaka. Akijibu, usimkatishe hata kama jibu ni la ovyo. Mara nyingi utasikia kitu tofauti kabisa na ulichokuwa umeshakiandikia hukumu.

Kuhusu kubebeshwa: jipe muda wa kutosha, miezi kadhaa siyo siku mbili. Ugomvi unahitaji wawili kupanda ngazi, mmoja akigoma kupanda, mwingine kwa kawaida anashuka, hata kama hajui kwa nini. Lakini ukiona umeshuka muda wote huo na yeye ndiyo amepata nafasi ya kukukanyaga, rudi ukasome #16 na #17. Hapo swali lako litakuwa limebadilika.

#22

Nimemuuliza sasa hivi, kwa upole kabisa, kwa nini anaacha taulo kitandani. Amejibu: "Kwani ile hanga ya mlangoni si ulisema ni ya nguo zako tu?"

#23 – Mleta uzi

Haya sasa.